Safari ya Kufuata Msumeno Gerezani

Ukishuka kutoka Dodoma kwenda pwani kwa basi, sakafu za nyumba hukueleza umefika wapi kabla hujasoma kibao. Huku kwetu Ugogo bibi zangu waliishi kwenye tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, na chini udongo uliosiribwa kwa samadi ya ng'ombe mpaka ukalainika. Kusiriba ilikuwa kazi ya wanawake. Sakafu ikichubuka hapakuwa na fundi wa kuitwa. Ulichota udongo, ukachanganya, ukapiga magoti. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini ni kuanzia 2016 ndipo Serikali ilipohama kweli, na tangu hapo nyumba zimeota Iyumbu, Nala na Ihumwa, kila moja inang'aa marumaru kuanzia sebuleni hadi barazani. Kuku akipita anateleza.

Nami nimo humo humo. Ni mwalimu mstaafu mwenye nyumba isiyokwisha: sebule ina marumaru, jiko lina saruji tupu, na bafu lina ndoto. Fundi wa mtaani aliyeniwekea sebule alikata kila kipande kwa grainda, kavu kavu, ndani ya nyumba, kitambaa kimefungwa puani. Siku ile vumbi lilifika hadi kwenye vikombe vilivyofungiwa kabatini. Alipoondoka nilimsikia akikohoa mpaka nje ya geti. Nikajiambia jiko na bafu nitaviweka mwenyewe nikisaidiwa na vijana wa nyumbani, na chombo cha kukatia nitakifuata Dar es Salaam kwa macho yangu. Wengi walinicheka. Mwalimu wa Kiswahili na msumeno wapi na wapi? Bibi zangu wangeona ni jambo la kawaida kabisa.

Kibaigwa malori ya mahindi yalikuwa yamejipanga pande zote mbili za barabara. Gairo kulikuwa na upepo wake uleule wa baridi unaomfanya abiria afunge dirisha, kisha Dumila ikatufungulia joto, nyanya na matikiti maji. Morogoro, milima ya Uluguru ilikuwa imevaa wingu kichwani. Mtu wa Dodoma hawezi kuangalia maji yakiteremka mlimani bila kuona wivu. Kwetu ndoo ina heshima yake, na wazo hilo la maji lilinifuata safari nzima, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia kwamba msumeno mzuri wa marumaru hunywa maji.

Nilishuka Chalinze kwa kaka yangu. Chalinze ni mahali ambapo watu wengi hupita na wachache hukaa: vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi na korosho, machungwa, na mananasi ya Kiwangwa ambayo ukiyaacha chumbani usiku kucha nyumba nzima inanukia sherehe. Lakini sasa pana jambo jingine. Mwaka 2017 kiwanda cha marumaru cha Twyford kilianza uzalishaji kijijini Pingo, na malori yanayotoka huko yamebeba boksi nzito kwenda kila upande wa nchi, na ng'ambo ya mipaka pia. Marumaru niliyokuwa nayo Dodoma, ambayo muuzaji aliniambia kwa sauti ya siri kuwa ni ya nje, ilikuwa na jina la Chalinze ubavuni mwa boksi.

Mtoto wa kaka yangu hupakia malori. Ni kijana wa maneno machache, mikono imekomaa kwa kingo za boksi. Jioni, tukiwa uani tumemenya nanasi, nilimwambia nafuata mashine. Hakuniuliza bei. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na vipande vitatu vilivyovunjika, akavilaza kifudifudi.

"Shangazi, mwagia maji mgongoni."

Nikachovya vidole, nikadondosha. Kipande cha kwanza, chekundu kwa nyuma, kilifyonza tone papo hapo kikabaki na doa jeusi. Cha pili kilisita kidogo. Cha tatu, cheupe na kizito, tone lilikaa juu yake limejikunja, halina pa kuingilia.

Akaeleza. Vyote vimetokana na udongo na mawe yaliyosagwa, yakashindiliwa kwa mashine, yakapakwa rangi na kioo, yakapitishwa tanurini. Tofauti ni mchanganyiko na moto. Cha ukutani ni laini, chombo chochote kitakikata. Hiki cheupe wanakiita poseleni, kimeokwa kwenye joto la kama nyuzi 1,200, na kwa kipimo cha kimataifa hakitakiwi kunywa maji zaidi ya nusu asilimia ya uzito wake. Kinachokataa maji kinakataa na msumeno. "Wewe umenunua kipi?" akauliza. Sikuwa na haja ya kujibu. Alikuwa ndiye aliyepakia.

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona somo likitolewa kwa tone la maji na maganda ya nanasi likaeleweka hivyo. Usiku ule nilijua swali la kupeleka Dar. Wenzangu wote walikuwa wameniambia niulize mashine ipi ni imara. Swali lenyewe ni marumaru yangu ni ngumu kiasi gani, na mikato ninayoihitaji ni ya namna gani.

Mwendokasi wa kutoka Kimara una tawi linaloishia Gerezani, na ukishuka hapo Kariakoo inakupokea kwa sauti kabla ya sura. Chuma kinagongwa, chuma kinachomelewa, mkokoteni unaomba njia, guta linaomba njia, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Dodoma tunajenga, lakini vifaa vinakaa huku. Fremu moja haizidi upana wa mlango na nusu, na ndani yake zimepangwa mashine mpaka darini, nyekundu, bluu, kijani, za kijani zikijifanya za Kijapani na nyingine zikiwa za Kijapani kweli.

"Karibu mama! Mzee amekutuma nini?"

"Mzee hajanituma. Nataka cha kukatia marumaru."

Kijana akaangalia mikono yangu, kisha viatu, kisha akaamua mimi ni mteja wa kwenda na bei ya juu. Akaniletea grainda. Ndogo, nyepesi, diski ya milimita 115, mizunguko 11,000 kwa dakika. "Hii ndiyo wanayotumia mafundi wote, mama." Hilo ni kweli, na ndilo tatizo. Grainda inakata marumaru, inakata nondo, inakata bomba, inapindisha kona na kutoboa tundu la bomba la maji, na inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine nyingine. Mkononi mwa fundi aliyeizoea inafanya maajabu. Mkononi mwangu, kwenye mstari wa sentimita 60, ingechora njia ya ng'ombe kwenda kisimani. Na vumbi nilishaliona.

Kijana mwingine, fremu ya pili, alinionyesha mashine ya mkono, ile ya kusukuma. Haina waya wala mota. Ni reli mbili za chuma juu ya kitanda, na kishikio chenye gurudumu dogo la chuma kigumu. Unaweka marumaru, unasukuma kishikio mara moja kwa nguvu isiyobadilika, gurudumu linachora mstari juu ya kioo, halafu unabonyeza na kigae kinapasuka kufuata mstari. Hakuna kelele, hakuna vumbi, umeme ukikatika kazi inaendelea. Chombo hiki kina kwao. Rubi, mji ulio jirani na Barcelona huko Hispania, una kampuni yenye jina la mji wenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1951 na ndugu wa ukoo wa Boada, nayo ndiyo iliyolifanya jina la mji huo lijulikane kwa mafundi wa marumaru duniani. Aliyokuwa nayo kijana haikuwa ya huko, lakini kanuni ni ileile.

Niliipenda. Nikatoa futi kamba. Kitanda kilikuwa cha sentimita 60, na marumaru zangu ni za 60 kwa 60.

"Inatosha kabisa, mama."

Inatosha ukikata kwa kunyoosha. Ukitaka kukata kona kwa kona, ulalo wa kigae hicho ni karibu sentimita 85, na mashine ya 60 haina la kufanya. Nilimwambia. Akanitazama upya. "Mama wewe ni injinia?" Nikamjibu kuwa hesabu hiyo niliisimamia darasa la saba kila mwaka wa mtihani, ingawa somo langu ni lingine. Kuanzia hapo hakuniita mama tena. Akaniita mwalimu, na bei ikashuka yenyewe.

Fremu ya mwisho kwenye uchochoro ule ndiyo iliyokuwa na kishawishi. Mtumba kutoka Uingereza, mashine kubwa ya mezani yenye tangi la maji, chuma kizito kisichotikisika, bei ambayo ilinifanya nirudie kuuliza. Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Jirani wa muuzaji, mzee aliyekaa kwenye kigoda akisuka mota, alikohoa kikohozi cha makusudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Iangalie plagi."

Ilikuwa ya njano, nene, ya mviringo. Mzee akanieleza bila kuacha kupitisha waya mwembamba kwenye mota. Kule Uingereza kwenye maeneo ya ujenzi hutumia umeme wa volti 110 ili mtu akipigwa shoti apate nafuu, na vyombo vyake vina plagi ya njano ili visichanganywe na vya nyumbani. Umeme wetu ni volti 230. Ukibadilisha plagi tu ukachomeka, mota inaungua kabla hujamaliza kipande cha kwanza, na zinazoungua huletwa kwake. "Mimi nakula kwa plagi za njano," akasema. Za Marekani nazo ni hivyo hivyo, volti 120. Ukiitaka kweli, ununue na transfoma, na transfoma yenyewe ni mzigo wa kubebwa na watu wawili.

Muuzaji hakukasirika. Alicheka, akaagiza kahawa kwa ajili yetu watatu. Kahawa chungu, kashata ya karanga, tumekaa kwenye vigoda huku bodaboda zikipita nusu shubiri kutoka magotini. Hapo ndipo pwani inaponishinda. Dodoma, mtu akikuharibia biashara mbele ya mteja, mtapelekana kwa balozi.

Mzee akaniuliza nakata nini na nakatia wapi. Nikamwambia: poseleni, jiko na bafu, nyumbani, umeme wa kawaida, maji ya shida. Akafikiri. Akasema grainda niwaachie wengine. Ya mkono inanifaa kwa vipande vilivyonyooka, lakini haitanipa pembe ya kuzunguka nguzo ya mlango, wala kipande chembamba cha vidole viwili kinachobaki ukutani, kwa sababu kipande chembamba hukatikia pale kinapotaka chenyewe. Bafuni ndiko kuliko na pembe. "Nenda ukaone mashine ya maji ikifanya kazi kabla hujanunua. Dukani kila kitu kinakata."

Kwa bahati ninaye mwanafunzi wangu wa zamani anayeweka marumaru Bagamoyo. Kwa hiyo nikaahirisha kununua, nikashika njia ya Tegeta na Bunju.

Nilipitia Kunduchi kwanza, kwenye magofu yaliyo karibu na ufuko. Makaburi ya karne ya 18 yana nguzo ndefu za mawe, na juu ya nguzo hizo wenyewe walipachika sahani na bakuli za Kichina. Nyingi zimeshang'olewa, yamebaki mashimo ya mviringo yanayoangalia bahari. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kumbe kupachika udongo uliookwa ukutani ili nyumba ya mtu, hata ya mwisho, ing'ae, watu wa pwani walikuwa nako karne nyingi kabla ya boksi za Chalinze. Ila wao hawakukata. Walipachika sahani nzima. Walichokata ni jiwe la matumbawe, na walikuwa na akili ya kulikata likiwa bichi, limetoka baharini, laini kiasi cha kuchongwa kwa tezo. Likikauka kwenye hewa hugeuka gumu, na pambo linabaki. Sisi tunapeleka udongo motoni mpaka uwe mgumu kuliko chuma, halafu ndipo tunaanza kutafuta cha kuukatia.

Bagamoyo haina haraka. Mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, hauna cha kuwahi tena. Milango ya kuchonga, mibuyu, vijana wa chuo cha sanaa wamebeba ngoma kichwani. Mwanafunzi wangu alinipokea stendi. Nilimwacha mtoto wa Dodoma mwembamba anayeogopa kusoma kwa sauti. Nimemkuta baba wa watoto anayesema "yakhe".

"Shikamoo mwalimu. Umekuja kukagua madaftari?"

Mke wake alikuwa amepika wali wa nazi na pweza. Nilikula, nikaongezwa, nikala. Kwetu mlenda na ugali wa uwele ni chakula cha kumshibisha mtu alime hadi jioni. Hiki cha kwao ni cha kumlaza. Lakini kijana hakulala. Alikuwa na kazi kwenye nyumba ya wageni, vyoo kadhaa vinavyobadilishwa, na mashine yake ilikuwa uani chini ya mwembe.

Ni ndogo kuliko nilivyowaza. Meza ya bati nene, chini yake beseni la maji, katikati diski ya milimita 180 iliyochomoza kidogo, nusu yake ya chini ikiogelea. Mota haipigi kelele ya grainda, inavuma. Akanionyesha kibati: mizunguko 2,950 kwa dakika, wati 600. Diski yenyewe haina meno. Ni chuma chenye ukingo uliochanganywa na chembe za almasi za kiwandani; chembe zikichakaa, chuma kinachozishika nacho kinalika, na mpya zinatokeza. Ikiwa butu, haipigwi tupa. Unaikatisha kwenye kipande cha tofali la saruji mara chache, inafunguka.

Akaweka kigae uso juu, akakisogeza taratibu akikiegemeza kwenye kizuizi cha pembeni. Taratibu kweli, karibu ya kuchosha. Maji yakatoka meupe mithili ya uji mwepesi wa mtama. Vumbi, hakuna. Ukingo uliotoka ulikuwa safi, nikaupitisha kidole kwa woga bure.

"Ukisukuma kwa nguvu, mwalimu, inakula kioo, na mstari unapinda. Iache ikate yenyewe."

Nilimuuliza habari ya diski nilizoziona Gerezani, zenye mapengo ukingoni. Akasema zile ni za zege na mawe. Zinakimbia lakini zinang'oa kioo cha marumaru. Kwa poseleni ukingo uwe mzima, usiokatika. Na mshale uliochorwa kwenye diski ufuate mzunguko wa mashine. Kuna wanaofunga kwenye grainda diski yenye meno ya kukatia mbao, wakasema inakata haraka. Hakumaliza sentensi hiyo. Alionyesha kovu la mwenzake kwa kupitisha kidole kwenye paja lake mwenyewe.

Pembe ya kuzunguka bomba aliikata mbele yangu. Kwanza alitoboa tundu dogo pale mistari miwili itakapokutana, ili ufa usipate pa kuanzia, kisha akakata upande mmoja, akageuza, akakata wa pili, akaishia kwenye tundu. Nikaomba nijaribu. Kipande changu cha kwanza kilitoka sawa. Cha pili pia. Mafundi wake wawili waliacha kazi wakaja kutazama, mmoja akanong'ona kuwa mwanamke ana mkono mwepesi, kauli ambayo mahali pengine ningeijibu.

Tulipopumzika alinieleza kwa nini aliacha kukata kavu. Marumaru, zege na mawe mengi yana silika ndani, na yakikatwa kavu silika hutoka kama vumbi jembamba lisiloonekana, linalofika chini kabisa ya mapafu na kukaa humo. Tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi hilo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Huharibu mapafu polepole, na mapafu yaliyoharibika hivyo hukaribisha kifua kikuu. Wachimbaji wa Mirerani wanalijua hilo. Australia, kuanzia Julai 1, 2024, ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayowekwa juu ya meza za jikoni, kwa kuwa vijana waliokuwa wakiyakata walikuwa wakiugua mapafu. Mwanafunzi wangu hakuyasema haya yote. Yeye alisema tu kwamba fundi aliyemfundisha kazi sasa hawezi kupanda ngazi ya ghorofa moja. Mengine nilikuwa nayajua, na nilijilaumu kwa niaba ya sisi wote wenye nyumba tunaomwambia fundi afanye haraka, tukampa maji ya kunywa lakini si ya kukatia.

Na maji yenyewe ndiyo yaliyonishangaza. Kwa picha ya Dodoma nilidhani mashine hii itataka bomba wazi. Beseni lake linabeba lita chache tu, na maji ni yaleyale yanayozunguka. Yakizidi kuwa mazito unamwaga tope, unaweka mengine. Maji ya kufulia yanafaa, mradi yasiwe na mchanga. Kinachotakiwa zaidi ni tahadhari ya umeme: waya ulegee chini ya soketi ili tone likifuata waya lianguke sakafuni kabla ya kufika kwenye soketi, na saketi iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Nyumba nyingi tunazojenga hazina. Ya kwangu haikuwa nacho. Kimeshafungwa, na fundi umeme alimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Nilirudi Gerezani kwa yule mzee wa kigoda. Alinipeleka mwenyewe kwa muuzaji anayemwamini, na tulifanya kama wanavyofanya watu wasiotaka kurudi: mashine ilichomekwa palepale, ikazungushwa, tukatazama diski kutoka pembeni kama inayumba, tukaweka skwea kati ya diski na kizuizi. Ya kwanza kizuizi kilikuwa kimepinda, ikarudishwa kwenye boksi. Ya pili ilinyooka. Muuzaji akaniandikia risiti bila kuombwa, jambo ambalo mzee alisema hufanywa kwa walimu na polisi pekee. Nilimpa mzee mkono wa asante, akaukataa, akapokea kashata.

Jiko limekwisha, bafu limebakiza ukuta mmoja. Majirani huja kutazama, na wawili wameshaazima mashine, pamoja na yule fundi wangu wa grainda, ambaye sasa hukatia uani kwangu na kwenda kuweka kwa mteja.

Ukiniuliza, basi, nitakujibu hivi. Ikiwa una vyumba vya mraba na marumaru laini ya ukutani, nunua ya mkono, ndefu kuliko ulalo wa kigae chako, na usihangaike na umeme. Ikiwa una poseleni, bafu na pembe nyingi, nunua ya maji ya mezani yenye diski ya milimita 180, ya volti 230, uijaribu dukani, na ununue diski moja ya akiba ukihakikisha tundu lake la katikati linalingana na ekseli, kwa maana ziko za milimita 22.2 na za 25.4 na muuzaji mwenye haraka hatakutofautishia. Ikiwa ni kigae kimoja kilichopasuka, azima. Grainda kavu ndani ya nyumba usimruhusu mtu yeyote, hata akikwambia ndivyo wanavyofanya wote.